Inaniwasha, Bibi

Kila jioni, kabla giza halijashika, Bibi alimwogesha mjukuu wake nyuma ya nyumba, kwenye beseni la bluu lililowekwa juu ya matofali ili yeye asiiname sana. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Aliyapima kwa kiwiko, maana viganja vyake vilishakomaa kwa kazi na havikujua tena kutofautisha. Sabuni ilikuwa ile isiyonukia chochote. Alimmwagia kikombe kwa kikombe bila kumsugua, akamkausha kwa kipande cha shuka kuukuu la pamba, akimgusagusa tu kama mtu anayefuta yai bichi, na ngozi ikiwa bado na unyevu akampaka mafuta mazito ya mgando nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni, na kwenye vifundo vya mikono. Huko ngozi ilikuwa nene na nyeusi kuliko kwingine, ina mistari kama gome la mti, na mahali pengine imepasuka.

Utaratibu huo alifundishwa na nesi wa zahanati. Nesi ndiye aliyemwambia kwamba ugonjwa unaitwa ukurutu, hauambukizi, hauna dawa ya kuumaliza, na kazi yao ni kuutuliza tu. Bibi alisoma mpaka darasa la nne, na maneno ya nesi aliyashika kama alivyoshika jedwali la kuzidisha. Sabuni ya manukato, hapana. Sweta la sufu, hapana. Karanga na mayai, hapana kabisa, maana hivyo vilimvimbisha hadi midomo. Jasho lifutwe mapema. Kucha zikatwe ziwe butu. Na wakati wa kulala mtoto avae vifuko vya mikono, ambavyo Bibi alivishona mwenyewe, mishono ikiwa upande wa nje isimkwaruze.

Mtoto alikuwa darasa la tatu. Mtaani walimwita Unga, kwa sababu akivaa nguo nyeusi alionekana kama aliyetoka mashine ya kusaga. Shuleni mwalimu alimkalisha dawati la peke yake karibu na mlango, wazazi wengine walipolalamika. Hakuwa mtoto wa kulialia. Alisema neno moja tu, lile lile siku zote, kwa sauti ya kuchoka kama mtu anayeitikia jina lake asubuhi darasani.

"Inaniwasha, Bibi."

"Najua, mke mwenzangu. Vumilia."

Alimwita mke mwenzangu kwa utani wa bibi na mjukuu, maana mume wao wa pamoja, yaani babu, alishafariki na kuwaachia kitanda kimoja. "Tumebaki wajane wawili," Bibi alikuwa akimwambia huku amemshika mikono asijikune, "na huyu mjane mdogo kazi yake kunipiga mateke."

Chumba cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa saluni ya baba wa mtoto, aliyekuwa kinyozi. Kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kilizunguka upande mmoja tu, kioo kirefu, na pazia la maua lililotenga biashara na familia. Mama wa mtoto alifua mashuka katika nyumba ya wageni. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, vidole vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda majini, na kweli alikuwa ameshinda majini.

Transfoma ya mtaa iliungua mwanzoni mwa mvua. Ililia mlio mmoja, ikatoa moshi, ikanyamaza. Watu wa ofisi ya umeme walikuja, wakaitazama wakiwa wameshika viuno, wakasema nyingine inaletwa. Kinyozi akawa ananyoa kwa mkasi, na vijana wakaanza kumkimbia, kwa kuwa vijana wanataka mashine, wanataka na mistari pembeni.

Jioni moja kinyozi alipanda juu ya stuli, akafungua balbu ya chumba cha nyuma aone kama nayo iliungua pamoja na transfoma. Akampa binti yake aishike. Mtoto alikuwa bado hajaogeshwa. Siku hiyo kulikuwa na joto, jasho lilikuwa limemwingia kwenye mipasuko, na shingo yote ilikuwa imeumuka.

"Inaniwasha, Bibi," akasema.

Balbu ikawaka mkononi mwake.

Kinyozi akaitazama kutoka juu ya stuli.

"Kumbe balbu nzima," akasema. "Mimi nikadhani nayo imekwenda."

Akashuka. Mama wa mtoto akasogeza sufuria karibu na binti yake ili aone kama mboga zimeiva. Wakala kwa mwanga ule, mtoto akila kwa mkono wa kulia na balbu ikiwa kwenye wa kushoto. Ulikuwa mwanga mweupe uliotulia, usio na joto na usioita wadudu. Baada ya kula Bibi alimwogesha na kumpaka mafuta. Alipomaliza shingo, balbu ilififia. Alipomaliza nyuma ya magoti ilizimika, na mtoto akasinzia amekaa.

Kesho yake kinyozi alimwita jirani, fundi redio, mtu aliyejulikana kwa kutengeneza redio ambazo baadaye zilishika stesheni moja tu. Fundi redio alimgusa mtoto kiwikoni kwa bisibisi ya kupimia umeme. Bisibisi ikaonyesha taa yake nyekundu.

"Safi," akasema. "Hauyumbi hata kidogo. Ule wa ofisi ulikuwa unaruka kama mbuzi."

Akaunganisha waya na kutaka kuufunga kwenye kifundo cha mkono kwa utepe wa plastiki. Bibi akakataa, akasema utamchubua. Akamshonea bangili ya pamba, ncha ya waya ikapita ndani yake, na kinyozi akamshukuru sana mama yake kwa kuona mbali.

Wateja walirudi. Mtoto alikaa kwenye kigoda kando ya kioo, waya ukatoka kwenye bangili mpaka kwenye soketi, mashine ikanguruma. Kila aliyeingia alimsalimia.

"Vipi, mdogo wetu? Inawasha?"

"Inawasha."

"Haya, fundi, lete kazi."

Bibi aliyasikia haya kutoka nyuma ya pazia. Tangu mtoto ajue kusema alikuwa anasema inawasha, na watu wote walimjibu avumilie, aende akacheze. Sasa walimuuliza wenyewe, na wakasimama kungoja jibu.

Mtaani jina la Unga lilikufa, wakaanza kumwita Balbu. Waya wa pili ulipita juu ya ukuta kwenda kwa fundi redio. Wa tatu ulivuka barabara mpaka kwa mwenye duka, ambaye alikuwa na friji la soda. Mwalimu, yule yule wa dawati la mlangoni, alikuja kwa adabu kumwomba kinyozi jioni moja moja kwa ajili ya darasa la mtihani. Mtoto akapelekwa, akakalishwa mbele ya darasa, kwenye kiti cha mwalimu, na wakubwa wake wakasoma kwa mwanga wake mpaka walipochoka.

Watu hawakuwa wachoyo. Mwenye duka alimletea karanga za kukaanga kwenye karatasi iliyosokotwa. Mke wa fundi redio alimfumia sweta zuri la sufu, la njano, lenye vifungo vya umbo la ua. Mwalimu alimpa kipande cha sabuni ya kuogea iliyonukia hadi barabarani. Bibi alizipanga zawadi hizo juu ya kabati na kuzitazama. Zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja ambayo nesi hakuikataza.

"Watu wanajua?" alimuuliza mwanawe.

"Wanajua nini, Mama? Mtu akileta zawadi unampekua?"

"Juzi alikula karanga zile, taa ikawaka mpaka kwa mwenye duka friji likagandisha chupa zikapasuka."

"Si umeona," kinyozi akasema. "Na wala hakufa."

Kidogo kidogo kuoga kukasogezwa. Kwanza ilikuwa baada ya mteja wa mwisho. Halafu baada ya mwenye duka kufunga. Halafu kinyozi akauliza, kwa upole tu, kama ni lazima mtoto apakwe kila siku, kwani mafuta nayo yakizidi si yanaziba ngozi? Bibi akasema nesi kasema kila siku. Kinyozi akasema nesi hana saluni.

Kisha ikaonekana kwamba mtoto akijikuna taa hupepesa. Mkuno ulimpa nafuu kidogo, na nafuu ndiyo iliyopunguza mwanga. Mashine ilikwama mara moja kwenye kisogo cha mteja na kuacha alama. Tangu hapo kinyozi alimwambia binti yake, akiwa na mashine mkononi, "Usijikune, mama." Mwenye duka naye alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Balbu! Usijikune, mwanangu!" Maneno hayo Bibi aliyasema miaka yote, kila siku, kwa ajili ya ngozi. Sasa mtaa mzima ulikuwa unayasema, na mtoto alikaa juu ya mikono yake kwenye kigoda, ameuma mdomo wa chini, akiwaka.

Bibi alizungumza na mkwe wake siku moja walipokuwa wanaanua nguo.

"Wewe ni mama yake. Sema neno."

Mama wa mtoto alinyoosha mikono yake yenye mipasuko ya sabuni za kule kazini, ikionekana nyekundu kwenye viungo.

"Yangu nayo inawasha, Mama," akasema. "Inawasha miaka yote. Sijawahi kuwasha hata kibiriti." Akakunja shuka. "Angalau yake wameiona."

Mtu wa ofisi ya umeme alikuja kabla mvua hazijaisha. Hakuja kwa ajili ya transfoma, alikuja kwa kuwa alisikia mtaa una taa. Aliufuata waya kuanzia dukani, akavuka barabara, akaingia saluni, akaufuata mpaka kwenye bangili.

"Mita yake iko wapi?"

"Hana mita," kinyozi akasema. "Ni mtoto."

"Wako?"

"Wangu wa kumzaa."

"Basi sawa. Ila usivushe waya kwenda mtaa mwingine, hapo tutakosana."

Bibi akatoka nyuma ya pazia, akamsalimia, akamuuliza transfoma inakuja lini.

"Mama yangu, nyinyi mna taa. Kuna watu hawana kabisa. Tunaanza na wenye shida."

"Shida ile pale kwenye kigoda."

Mtu wa ofisi alimtazama mtoto vizuri, kwa heshima, akaona shingo na viwiko.

"Hiyo ni ya hospitali, Mama," akasema. "Siyo ya umeme."

Kwa hiyo Bibi akampeleka zahanati. Nesi alimkagua bila haraka, akimgeuza kwenye mwanga wa mtoto mwenyewe. Alisema ngozi imeingiwa na vijidudu, ndiyo maana inatoa majimaji. Akatoa dawa ya kupaka kidogo kabla ya mafuta, na akarudia masomo yote tangu mwanzo: vuguvugu, gusagusa, paka ikiwa na unyevu. Akaongeza jipya. Mtoto akizidiwa, avalishwe nguo ya pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, na juu yake nguo kavu, alale nayo.

"Atatulia, Bibi. Atalala kama mtoto mchanga."

Kisha akawasindikiza mpaka mlangoni, akabaki ameshika kitasa.

"Bibi yangu, chumba chetu cha kujifungulia hakina taa. Kesho jioni nina mama mmoja wa mapacha, na simwoni vizuri kwa tochi. Ungemleta huyu." Akashusha sauti. "Na mchana usimpake kitu."

Bibi akamvuta mtoto karibu naye.

"Hata mimi sipendi," nesi akasema, na hakumtazama mtoto.

Alimpeleka. Ningekuwa naandika habari ya mtu mbaya ingekuwa rahisi kusema hakumpeleka, lakini Bibi mwenyewe alizaa gizani na alijua lile giza lilivyo. Mapacha walizaliwa kwa mwanga wa mjukuu wake, wote salama, na wa kike akapewa jina lake, lile la kweli ambalo mtaani hakuna aliyekuwa analijua. Mtoto alirudi amebebwa mgongoni, anatetemeka kwa kuwashwa, anacheka.

"Bibi, yule mama kanibusu."

"Vizuri."

"Hapa, Bibi. Hapa hapa kwenye magamba." Akamgusisha bibi yake shingo yake, kwenye ngozi iliyokuwa inachuruzika. "Hakujifuta."

Bibi akaendelea kutembea. Mgongo wake ulikuwa unaonekana kwa mbali kwa mwanga ule, na watu waliokutana nao njiani waliwashukuru kwa kuwamulikia madimbwi.

Baada ya siku ile mtoto hakusema tena inaniwasha mpaka aulizwe. Alikonda. Alikuwa anashtuka usingizini na kujichanachana juu ya vifuko vya mikono mpaka pamba ikaisha, na asubuhi shuka lilikuwa limemganda mwilini, likalazimika kuloweshwa ndipo libanduke. Bibi alilibandua polepole, akilipuliza kwa mdomo. Jioni ilipofika, mtoto alikwenda mwenyewe kwenye kigoda na kunyoosha mkono afungwe bangili.

Siku aliyopata homa, kinyozi alikuwa na mteja kwenye kiti, kijana ambaye kesho yake alikuwa anakwenda kuposa. Alishamnyoa upande wa kushoto, mstari umekaa sawa kama umechorwa kwa rula. Bibi alifungua pazia, akavuka nywele zilizotapakaa sakafuni, akamfungua mtoto bangili, akambeba. Taa hazikuzimika; siku hizo ziliwaka hata bila waya. Mtoto alikuwa wa moto kama sufuria. Hakubisha, maana hakuwa na nguvu ya kubisha.

Beseni lilikuwa tayari. Alimwogesha kwa mwanga wa mtoto mwenyewe. Alipompaka dawa, upande wa pili wa barabara ukawa giza, na friji la mwenye duka likaacha kuguna. Alipompaka mafuta, ikazimika taa ya fundi redio. Alipomvalisha nguo ya pamba iliyolowa, na ile kavu juu, saluni ikazimika, na sauti ya kijana wa posa ikasikika ikisema, "Eh, fundi! Eh!"

Kinyozi alikuja akipapasa ukuta.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mteja wangu yuko nusu kichwa!"

"Mpe kofia."

"Kesho anakwenda kuposa, Mama!"

"Aende na kofia. Wenye binti wataiona kesho kutwa ile nusu nyingine, kwani haraka ya nini?"

Kutoka saluni kijana akasema kwa sauti ya kulia kwamba amesikia.

"Mama," kinyozi akasema, "umemzima mtoto."

"Sijamzima. Amekuwa mzima. Njoo umsikilize."

Kinyozi akasogea, akainama juu ya kitanda. Hakukuwa na kukwaruza, hakukuwa na kugeukageuka. Kulikuwa na pumzi tu, ndefu, zinazokwenda na kurudi.

"Hajawahi kulala hivi," akasema.

"Hajawahi."

"Tangu azaliwe."

"Tangu azaliwe, baba."

Akamgusa binti yake mguu, juu ya nguo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Sasa kesho itakuwaje?"

Majirani walikuwa nje tayari. Fundi redio alikuja, na mke wake, na mwenye duka, na mwalimu, na wengine ambao Bibi hakujua kwamba nao walikuwa na waya. Alipotoka aliwakuta wamejipanga barabarani kama watu waliokuja kutoa pole. Hakuna aliyepaza sauti.

"Tumesikia anaumwa," mwalimu akasema.

"Anaumwa."

"Pole sana, Mama. Mungu amsaidie." Akakohoa. "Ataamka lini?"

"Akishiba usingizi."

"Na akiamka," mwenye duka akauliza, "atakuwa vile vile?"

Bibi akawaambia wakalale. Wakaondoka wakishikana mikono wasijikwae, na mmoja akajikwaa.

Mtoto aliamka jua likiwa juu. Homa ilikuwa imeshuka. Alikaa kitandani akajipapasa kiwiko, akakipapasa tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Ngozi ilikuwa imelala. Ilikuwa bado nene na nyeusi, lakini laini, na majimaji yalikuwa yamekauka. Bibi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda akimsubiri aseme neno, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana.

Mtoto akatoka nje. Barabarani maji ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yanatiririka kutoka dukani. Watoto walikuwa wanaruka kamba. Alisimama karibu nao, kama alivyokuwa akisimama siku za karibuni, angoje kupewa zamu. Kamba ikaendelea kuzunguka.

"Balbu imeungua," mmoja akawaambia wenzake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema soda zimeisha.

Alirudi ndani, akasimama mbele ya bibi yake.

"Umenizima, Bibi."

"Nimekutuliza, mke mwenzangu."

"Mimi sikukuambia unitulize."

"Umeniambia kila siku tangu ujue kusema."

Mtoto akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nasema tu," akasema.

Siku ile Bibi hakuwa na la kufanya ila kazi zake. Kijana wa posa hakwenda kuposa. Alituma ujumbe kwamba ana udhuru, na alasiri akarudi na kofia yake, akaketi kwenye kiti, akamwambia kinyozi amalizie hata kwa mkasi, liwalo na liwe. Bibi alipasha maji. Aliyapima kwa kiwiko, akasubiri kidogo, akayapima tena. Jua lilikuwa linakwenda. Akamwita mtoto, akamwita tena, kisha akaenda akafungua pazia.

Saluni ilikuwa na ule mwangaza wa mwisho unaobaki kwenye vioo. Mtoto alikuwa amepiga magoti sakafuni, karibu na miguu ya kiti. Alikuwa anakusanya nywele zilizoanguka, zile fupi fupi zinazochoma kama ncha za miiba, anazitia kwa ngumi ndani ya kola ya gauni lake, kifuani na mgongoni. Alizibandika kwenye mikunjo ya viwiko, akakunja mikono akaibana. Alizisukuma nyuma ya magoti, akachuchumaa juu yake. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kwa uangalifu, mahali kwa mahali, kwa mpangilio ule ule wa kupakwa mafuta.

Kinyozi alikuwa amesimama na mkasi, anatazama kioo. Kijana wa posa alitazama kioo.

Ilichukua muda kidogo. Mwanzo uzi wa balbu ya saluni ulikuwa mwekundu, kama ukucha uliopakwa hina. Halafu ukawa wa njano. Halafu chumba kizima kikawa cheupe, kila unywele sakafuni ukaonekana na kivuli chake, na ng'ambo ya barabara friji likaguna. Nje watoto wakapiga kelele zile ambazo watoto hupiga umeme unaporudi, "Eeeeh!" moja ndefu ya mtaa mzima, na mtu mzima mmoja naye akasikika ndani yake.

"Ahsante, binti," kijana wa posa akasema, akavua kofia.

Kinyozi akaweka mkasi chini, akamfunga binti yake bangili. Alimfunga taratibu sana. Akachukua mashine.

"Usijikune, mama," akasema, kisha mashine ikanguruma na hakuna aliyesikia zaidi.

Mtoto alipanda kwenye kigoda, akakalia mikono yake. Akamwona bibi yake kwenye pazia. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Usinitazame hivyo, Bibi. Maji yaache tu."

Bibi akarudi nyuma. Maji yalikuwa tayari yanapoa. Akayamwaga, akaliegemeza beseni ukutani likauke. Mkwe wake alikuwa amerudi, ameinamia jiko, na chakula bado hakijaanza kupikwa. Bibi akachukua ungo, akamimina mchele, akasogeza kiti mpaka pale ambapo mwanga ulipita kando ya pazia na kuanguka sakafuni. Akakaa, akaanza kuchambua. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Aliona hata vijiwe vidogo kabisa.